Mashine ya Kufulia na Tangi la Uani

Muuzaji wa Kariakoo ana swali moja: "Kilo ngapi, dada?" Ukisema saba anakuvuta upande huu, ukisema kumi anakuvuta upande ule, na kuanzia hapo kinachobaki ni bei. Fundi aliyenisaidia kuchagua mashine yangu hakuniuliza kilo hata siku moja. Aliniuliza maji ya nyumbani yanatoka wapi, tangi limekaa juu kiasi gani, bafuni kuna tundu la kupokea maji machafu au tunayafagia yatokee mlangoni, umeme wa mtaani kwetu hufifia saa ngapi, na atakayekuwa anafua ni nani. Nikamwambia nimekuja kuuliza mashine, sikuja kuomba mkopo. Akacheka. "Dukani mashine zote nzima, dada," akasema. "Hujasikia iliyoharibikia dukani."

Ilikuwa mapema 2023. Mama alikuwa amehamia kwangu Tabata kutoka Tanga baada ya kuanguka na kuvunjika kifundo cha mkono. Binti aliyekuwa akitusaidia kazi za nyumbani alikuwa amepata nafasi ya kusomea ushonaji chuo cha ufundi cha VETA, na ada ya kuanzia nilimlipia mwenyewe, kwa hiyo sikuwa na wa kumlalamikia. Nguo za watu sita zikabaki zangu: sare za shule, shuka, taulo, mashati ya mume wangu anayeshinda juani, na kanga za mama ambazo haruhusu zilowekwe pamoja na kitu kingine chochote. Mwezi ule ilikuwa zamu yangu kupokea mchezo, yaani upatu, kazini. Laki tisa. Hakukuwa na nyingine nyuma yake.

Karakana ya fundi iko Buguruni, nyuma ya banda la mbao, chini ya mwarobaini. Kazini kwangu si mbali, nikawa napita pale mchana, nakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kumtazama akifungua mashine. Kama unataka kujua kipi ni imara, nenda kaangalie vilivyokufa vimekufa kwa nini. Hakuna kipeperushi kitakachokuambia hayo.

Ugonjwa uliokuja mara nyingi ulikuwa wa pampu ya kutolea maji. Fundi alikuwa na kopo la maziwa lililojaa alivyovitoa humo: sarafu za mia mbili, vibanio vya nywele, pini za hijabu, vifungo, jino la kitana. Chini ya mashine nyingi za mlango wa mbele kuna kimlango kidogo, na ndani yake kuna chujio la kunasa takataka kama hizo kabla hazijafika kwenye pampu. Wateja wake wengi walikuwa wameishi na kimlango hicho miaka bila kujua kuwa kinafunguka.

Baada ya pampu ni beringi. Mashine ikianza kunguruma wakati wa kukamua, ujue sili ya mpira inayozuia maji imechoka na maji yamepenya hadi kwenye beringi. Beringi zenyewe si ghali. Ghali ni kuzifikia. Mashine nyingine pipa lake la nje limetengenezwa kwa vipande viwili vilivyofungwa kwa skrubu, kwa hiyo fundi anafungua, anabadilisha, anafunga. Nyingine vipande hivyo vimeunganishwa kiwandani kwa joto visiachane tena, na kiwanda kinataka ununue pipa zima. Fundi wetu huzikata kwa msumeno na kuziunganisha upya kwa skrubu na silikoni, na humwambia mteja wazi kwamba hiyo ni kazi ya kujaribu. Kwa kuitazama dukani huwezi kujua iliyounganishwa ni ipi. Fundi aliyewahi kuifungua anajua.

Siku moja alinipa kipande cha chuma chenye mikono mitatu, nikakishika, kikabaki unga mweupe kiganjani. Ndicho kinachobeba pipa la ndani kwa nyuma. Hutengenezwa kwa aluminiamu, na maji ya chumvi yakichanganyika na sabuni kali hukila polepole mahali ambapo hakuna anayekiona, mpaka siku kinapokatika katikati ya kukamua. Wakazi wa Dar wanaotumia visima wanayafahamu maji hayo kwa ladha ya chai. Maji hayohayo huacha gamba juu ya hita, na hita yenye gamba hupasha moto taratibu, kisha huungua. Kwetu Tabata tuna bomba la DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, na tangi; kisima tunakitumia kumwagilia bustani na kudekia. Fundi alipolisikia hilo alitikisa kichwa kuridhika, kama daktari aliyeambiwa mgonjwa havuti sigara.

Kisha kuna bodi. Bodi ni ubongo wa mashine, na umeme unaopanda ghafla baada ya kukatika ndio unaoziua. Hapa ndipo nilipoanza kuelewa maneno makubwa ya vibandiko. Mashine za zamani zina mota ya brashi za kaboni. Brashi huisha, mota inasimama, unanunua mbili mpya kwa bei ya soda chache, unaendelea. Mashine za siku hizi zina mota ya inveta isiyo na brashi, tulivu, inayotumia umeme vizuri na isiyokufa kirahisi. Lakini mota hiyo huendeshwa na bodi, na bodi ikiungua, bei yake inaweza kukaribia nusu ya bei ya mashine. Kile kibandiko cha waranti ya miaka 10 kinachong'aa mlangoni husema "mota" tu. Waranti hiyo ndefu imewekwa kwenye kifaa ambacho si rahisi kife, na mwenye kuiweka anajua anachofanya.

Kutokana na hayo fundi akanipa kazi ya nyumbani. Kabla sijauliza bei ya mashine yoyote, nizunguke maduka ya spea Kariakoo niulize bei za vitu vitatu vya mashine hiyo: bodi, pampu, na ule mpira mpana wa mlangoni. Muuzaji wa spea akiniambia "ipo," nimuulize bei. Akiniambia "tunaagiza," niifute mashine hiyo kwenye orodha hata kama inauzwa bei ya bure. Nilizunguka. Nguo za dirishani Kariakoo zilinivuta zaidi ya mara moja, nakiri, ila nilirudi na orodha fupi sana. Mashine za majina matatu tu ndizo zilizokuwa na spea kila duka, na mojawapo sikuwahi kuifikiria kwa sababu tangazo lake sijawahi kuliona.

Tukafika kwenye maji.

Oktoba 2022 ilikuwa bado mbichi akilini mwa kila mtu Dar es Salaam. Mto Ruvu ulishuka, DAWASA ikatangaza mgao, na watu wa mitaa mbalimbali wakajifunza tena kuamka usiku kusikiliza bomba. Kwa hiyo kitu cha kwanza nilichokitaka ni mashine isiyokunywa maji mengi. Tofauti inatokana na jinsi pipa lilivyowekwa. Mashine kubwa za Kimarekani za kufungulia juu, zenye mhimili katikati wa kukoroga, lazima zijae mpaka nguo zielee, ndiyo maana za zamani zilifika hata lita 150 kwa mzunguko mmoja. Ya mlango wa mbele pipa lake limelala. Nguo hazielei. Zinabebwa juu na mapezi ya ndani kisha zinaangukia kwenye maji machache yaliyo chini, na kule kuanguka ndiko kunakofanya kazi ya mikono. Ya kilo saba au nane hutumia kama lita 50 kuanzia kufua hadi suuza ya mwisho.

Uchache huo wa maji una sharti lake. Mashine hiyo hujiwekea maji yenyewe kupitia valvu, na valvu inataka msukumo. Nyuma ya kila mashine kuna kibati chenye maandishi madogo, na watu husoma volti tu. Mstari wa kutafuta ni ule wa presha ya maji: nyingine huandika kuanzia 0.03 MPa, nyingine 0.05, nyingine 0.1. Hesabu yake si ngumu. Maji yakiwa mita 10 juu ya valvu yanatoa 0.1 MPa. Mita 5 ni 0.05. Mita 3 ni 0.03. Tangi letu la lita 1,000 lilikuwa kwenye mnara wa chuma wa mita tatu, na valvu ya mashine huwa karibu mita moja kutoka sakafuni. Tangi likikaribia kuisha nabakiwa na mita mbili tu, yaani 0.02. Mashine zote tatu kwenye orodha yangu zingekaa zinangoja maji, zingechoka, zingeandika herufi mbili kwenye kioo na kulia. Mwenye nyumba angempigia fundi simu kusema ameuziwa mashine mbovu. Fundi alisema simu za namna hiyo anazipata kila wiki, na anazipenda, kwa sababu analipwa nauli ya kwenda kutazama tangi.

Mume wangu alitaka tunyanyue mnara. Fundi wa kuchomelea akaja, akautazama, akatuuliza kama tunajua lita elfu moja ni tani moja. Tani moja, juu zaidi, uani wanapochezea watoto. Tukaachana na wazo hilo na kununua pampu ndogo ya kuongeza presha, ile inayojiwasha yenyewe bomba linapofunguliwa. Ina faida ya pembeni: bafu la mama sasa linatoka kwa nguvu. Umeme ukikatika pampu haifanyi kazi, lakini wakati huo na mashine nayo imelala.

Niseme hapa kwamba kama tusingekuwa na bomba la ndani wala tangi, ningenunua mashine ya mapipa mawili bila kuona haya. Wauzaji huionyesha kwa mkono wa kushoto, kama kitu cha watu wasio na uwezo. Mimi naiheshimu. Unaijaza kwa ndoo, haiulizi presha. Maji ya sabuni ya nguo nyeupe unaweza kuyatumia tena kwa za rangi, halafu kwa matambara na kapeti ndogo, jambo ambalo mashine ya mlango wa mbele haikuruhusu kwa sababu inayamwaga maji yake bila kukuuliza. Haina bodi, ina saa za kuzungusha kwa mkono, na fundi yeyote wa feni ataielewa. Kasoro yake ni moja na ni kubwa: inakutaka uwepo. Unahamisha nguo zilizolowa kutoka pipa hili kwenda lile, unasuuza, unahamisha tena. Kwa mkono wa mama uliokuwa kwenye plasta, na kwangu mimi niliyetaka Jumamosi zangu zirudi, kasoro hiyo ndiyo iliyoamua.

Kulikuwa pia na ushauri wa kununua iliyotumika kutoka Ulaya, nao niliuchukulia kwa uzito, maana laki tisa haikatai kitu. Zinashushwa nyingi, na baadhi ni mashine nzito za kuheshimika ambazo hazitengenezwi tena hivyo. Fundi alinifundisha jinsi ya kuzikagua. Fungua mlango, shika pipa kwa ndani, lisukume juu na chini: likicheza peke yake huku pipa la nje limetulia, beringi zimekwisha. Lizungushe kwa mkono ukiwa kimya usikilize. Vuta mikunjo ya mpira wa mlango, unuse. Harufu ya uvundo na madoa meusi vinakuambia ilikaa imefungwa na unyevu. Kisha sisitiza iwashwe na ikamue tupu. Muuzaji akikuambia hana maji au hana soketi, mshukuru uondoke.

Halafu kibati. Uingereza, Ujerumani na Dubai umeme wao unaendana na wetu wa volti 230 na hezi 50. Mashine ya Japani imetengenezwa kwa volti 100, ya Marekani kwa volti 120 na hezi 60, na transfoma utakayoambiwa ununue kwa ajili yake ni uzito mwingine wa kubeba maishani. Hizo nilizipita bila kugeuka.

Kwenye za Ulaya niliona jambo ambalo naamini linawachanganya wengi. Muuzaji mmoja alinionyesha stika ya A+++ kwa fahari, akaniambia mpya za siku hizi zinaandika C, kwa hiyo hii ya zamani ni bora. Ukweli ni kwamba Machi 2021 Umoja wa Ulaya ulifuta vijumlisho vyote na kuanza upya kwa kipimo kigumu zaidi, kuanzia A hadi G. Mashine iliyokuwa A+++ inaweza kuangukia C au D bila kubadilika hata skrubu moja. Stika mpya ina namba zenye maana zaidi ya herufi: umeme kwa mizunguko 100, lita za maji kwa mzunguko mmoja, na urefu wa mzunguko wenyewe. Nilizisoma namba hizo, herufi nikamwachia yeye.

Kuhusu umeme wenyewe, wengi tunaogopa mota. Mota si kitu. Kinachokula umeme ni hita, ambayo peke yake ni kama wati 2,000, sawa na birika la umeme. Baadaye, mashine ilipokuwa imeshafungwa, nilizima friji na kila kitu ndani ya nyumba, nikasoma LUKU, mita yetu ya umeme, kabla na baada. Kwa nyuzi 40 ilikula chini kidogo ya robo tatu ya uniti. Kwa maji baridi, kama sehemu ya tano ya uniti. Kwa sisi tunaovuka uniti 75 kwa mwezi, uniti moja ilikuwa kama shilingi 356, kwa hiyo ufuaji wa baridi ulinigharimu takriban shilingi 70. Maji ya bomba la Dar saa nane mchana hayastahili hata kuitwa baridi. Kwa hiyo dukani nilihakikisha kitu kimoja ambacho hakionekani cha maana: kitufe cha kufua bila kupasha moto, kinachopatikana kwenye programu za kawaida, siyo kwenye ile ya nguo laini pekee. Kuna mashine ambazo hazikupi uhuru huo.

Kwa sababu hiyohiyo sikulipia vitu kadhaa ambavyo Ulaya vina maana yake. Kasi ya kukamua ya mizunguko 1,400 kwa dakika ni ya watu wanaoanikia nguo ndani ya nyumba wakati wa theluji. 1,000 inanitosha, hata masika, nguo zikikaa kwenye kamba ya barazani hadi kesho yake. Mashine inayofua na kukausha humo humo niliikataa kabisa, maana nyingi zake hutumia maji pia kupoza mvuke wakati wa kukausha, yaani unakausha nguo kwa kumwaga maji. Huko nje kuna jua.

Nilichonunua mwishowe ni mashine mpya ya mlango wa mbele, kilo saba, vitufe vichache, pipa la skrubu, iliyobonyea ubavuni kutokana na usafirishaji. Mbonyeo ule ulikuwa wa kina cha kidole kimoja, mbali na kitu chochote kinachozunguka. Fundi aliichungulia nyuma, akaitikisa, akasema ubavu huo utakaa ukutani. Tulianza kuvutana bei. Muuzaji akaniita mama, akaniita bosi, akaniita dada yake wa damu. Nikatoka nayo kwa laki sita na nusu. Kilichobaki kilikwenda kwenye pampu ya presha, kifaa cha kulinda umeme kinachosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme uliorudi, bajaji ya mizigo, na chai ya vijana walioipandisha. Zaidi ya robo ya bajeti yangu haikwenda kwenye mashine, na ndiyo sehemu ninayoitetea kuliko zote.

Kuifunga kulichukua saa nzima kwa sababu fundi hana haraka na vitu vitatu. Kwanza bolti nne za nyuma zinazoshikilia pipa lisicheze njiani. Zisipotolewa, siku ya kwanza ya kukamua mashine itatembea bafuni, na nimesimuliwa na jirani jinsi watoto wake walivyokimbia. Zikishatolewa zisitupwe, siku ya kuhama zitahitajika. Pili, miguu minne, aliisawazisha kwa pimamaji mpaka kiputo kikakaa katikati. Tatu, bomba la kutolea maji machafu. Nyumba zetu nyingi hulilaza sakafuni likielekea kwenye tundu, kwa kuwa tundu liko sakafuni. Bomba likilala chini, maji yanayoingia yanavutwa na kutoka hapohapo. Mashine inajaza, inamwaga, inajaza, na bili ya maji inapanda bila nguo kufuliwa. Alilipandisha ukutani, usawa wa kiuno, kisha akalishusha kuelekea kwenye tundu kupitia bomba pana la plastiki lenye nafasi ya hewa. Kazi ya shilingi elfu chache.

Sasa mama. Daktari wa Kiswidi Hans Rosling, ambaye aliwahi kufanya kazi Nacala, kaskazini mwa Msumbiji, alisimulia katika mhadhara wa 2010 jinsi bibi yake alivyokaa mbele ya mashine ya kwanza ya familia na kuitazama mzunguko mzima kwa furaha. Mama yangu naye aliitazama, ila kama mtu anayemlinda mwizi. Baada ya dakika ishirini akaniita. "Mwanangu, hii haina povu."

Povu ndilo lililokuwa vita yetu ya miezi ya mwanzo. Sabuni ya unga ya kufulia kwa mikono imetengenezwa itoe povu jingi, kwa sababu mfuaji wa mikono hulipenda. Ndani ya mashine inayotumia maji machache povu hilo linakuwa godoro: nguo zinaangukia juu yake badala ya kuangukia kwenye maji, uchafu hautoki, mashine inaongeza suuza za kuliondoa, na lililobaki hupanda hadi kwenye sili na beringi. Nilinunua sabuni ya mashine, isiyo na povu. Mama alikuwa akiniona nikitoka, anaongeza vijiko vyake viwili vya ile nyingine. Sikugombana naye. Nilichukua shati la mume wangu lililotoka kwenye mashine "likiwa safi" kwa sabuni yake, nikalitumbukiza kwenye beseni la maji matupu na kulikoroga kwa mkono. Povu likafunika beseni. Alilitazama kwa muda, akasema sabuni ya siku hizi ndiyo mbaya. Vijiko vikaacha kuongezeka.

Jingine lililomkera ni muda. Programu ya kubana matumizi inachukua zaidi ya saa tatu, na mwanzoni alidhani imekwama. Nilimweleza kwamba ndiyo inavyobana: badala ya kutumia moto mkali kwa muda mfupi inaziacha nguo zilowe na kugeuzwageuzwa polepole. Hilo alilielewa papo hapo bila ubishi, kwa sababu hata yeye hajawahi kufua shuka bila kuziloweka tangu usiku.

Mwishoni mwa 2023 ukaja mgao wa umeme, uliokwisha baada ya mitambo ya Bwawa la Nyerere kule Rufiji kuanza kuwashwa mwaka uliofuata. Mashine ikakwama mara nyingi ikiwa na nguo na maji ndani, mlango umejifunga. Kwa hili fundi alikuwa ametuandaa. Kufuli la mlango wa mashine yetu hujiachia lenyewe dakika chache baada ya umeme kuondoka, lakini usifungue kabla ya kutoa maji, utaogelea. Unafungua kile kimlango cha chini, unavuta kimrija kilichopo pembeni ya chujio, unayaachia maji kwenye beseni bapa. Umeme ukirudi, mashine yetu hukumbuka ilipoishia. Sikuwa nimeuliza jambo hilo dukani. Aliuliza yeye.

Mdogo wangu wa Arusha alipotaka kununua yake mwaka jana, nilimpelekea namba ya fundi kabla ya kumpelekea jina la mashine, naye akamhoji kwa simu kama alivyonihoji mimi. Majibu yakawa tofauti kabisa. Kule maji ya Juni na Julai yanauma vidole, kwa hiyo hita siyo anasa, na jua la kukaushia halipo kila siku, kwa hiyo kasi ya kukamua nayo ina kazi. Mpaka hapo kila kitu kilikuwa kinaelekea kwenye mashine ya mlango wa mbele, tena nzuri kuliko yangu. Kisha fundi akamuuliza nyumba ni ya nani. Ni ya kupanga, ghorofa ya pili, kodi ya miezi sita, na mwenye nyumba ana mazoea ya kupandisha. Mashine ya mlango wa mbele ina bonge la zege ndani la kuituliza, na uzito wake unafika kilo sitini na zaidi. Ya mapipa mawili mtu mmoja anaikumbatia na kushuka nayo ngazi.

Akanunua ya mapipa mawili. Maji anapasha kwenye jiko la gesi, anachanganya kwenye ndoo. Ameshahama nayo mara moja.